Mmea Uliouficha Kabatini

Mwadime,

Nimekusikia ukifunga zipu ya sanduku, ukaifungua, ukaifunga tena. Sitakuuliza umeweka nini. Mambo ya soksi, ya chanjo, ya kuchemsha maji ya kunywa ukifika, yote nimeshayasema na wewe umeshayaitikia kwa ile "mm" yako, kwa hiyo hayamo humu. Kesho asubuhi tutakuwa kwenye teksi na dereva atakuwa anasikiliza, na uwanja wa ndege si mahali pa kusemea haya. Hapa nyumbani kwenyewe hujanifungulia mdomo tangu Ijumaa ile uliponiambia kwamba ninakutupa kama nilivyoutupa mmea wako. Basi nimekaa jikoni na kalamu, mtu mzima na akili zangu, namwandikia barua mtoto aliye chumba cha pili.

Jina la huo mmea nitaliandika mara moja tu, tusije tukajifanya tunazungumzia nyanya. Bangi. Haya, nimeliandika. Uliipanda, Mwadime, ndani ya Doha, kwenye fleti ambayo mkataba wake una jina langu, ukiwa na kibali cha kuishi hapa ambacho mimi ndiye niliyekuombea. Kila nikidhani nimemaliza kukasirika, hasira inageuka upande wa pili na kuanza upya.

Na kinachonichosha kabisa ni kwamba hata kuupanda hukujua.

Wewe ni mjukuu wa mwanamke ambaye kabichi zake zilishuka kutoka Wundanyi kwetu milimani hadi Mombasa miaka yote niliyokuwa mtoto. Mimi mwenyewe nimesomea uuguzi kwa nyanya na pilipili hoho za mama yangu. Halafu mtoto wa ukoo huo anachukua ndoo ya rangi isiyo na tundu hata moja chini, anaijaza udongo, anamwaga maji, maji yanasimama mle mpaka udongo unanuka mtaro. Ulikuwa unaumwagia kila ulipopata wasiwasi, nami nakujua, wasiwasi wako hauishi. Mizizi inavuta hewa, baba. Ikizama inaoza, na mizizi ikioza majani yanalegea, na asiyejua akiona majani yamelegea anadhani mmea una kiu, anaongeza maji. Hivyo ndivyo watu wanavyoua mimea kwa huruma.

Kisha mbolea. Ile ya chembechembe ambayo mimi naipima kwa kijiko cha chai, wewe uliichota kwa kiganja. Ncha za majani zote zilikuwa zimeungua. Kisha mwanga: taa ya kusomea, umeifunga juu kwenye rafu ya mablanketi, na mmea maskini uko chini unajinyoosha kuitafuta mpaka ukawa mrefu, mwembamba, hauwezi kujishika. Kiyoyozi umekiweka baridi ya mwisho na kila ukifungua kabati kinaupiga moja kwa moja. Na uliniambia mwenyewe kwamba mbegu za kwanza ulikuwa unazifukua kila siku kuangalia kama zimeota. Mbegu si simu, Mwadime. Haifunguliwi kila ukikumbuka.

Hizo mbegu ulizitoa wapi sitaki kujua, na ninakuomba usije ukaniambia hata nikiwa mzee.

Sisemi kwamba mimi nilizaliwa najua. Mwaka wangu wa kwanza hapa, kabla sijakuleta, nilikuwa na hamu ya sukuma wiki mpaka naziota. Nikachota mchanga penye jengo lililokuwa linajengwa karibu na tulipoishi, kwa sababu nilijiambia udongo ni udongo, nikapanda mwezi wa saba, mwezi ambao hata paka wa hapa hawatoki nje. Zilipoota, kwa maajabu ya Mungu, nikazimwagilia maji ya bomba, upande wa baridi. Wewe umekulia hapa, unajua matangi yako juu ya paa na kiangazi bomba la baridi linaweza kukuunguza. Mimi nilikuwa mgeni. Nilizipika sukuma zangu zikiwa bado zimesimama.

Aliyeniokoa ni Mama Nekesa, ambaye kwako ni yule mama mrefu wa kanisani anayekukaripia ukikaa viti vya nyuma. Alikuwa askari jela huko Kenya, akastaafu, akaja huku, sasa anasimamia walinzi wa hoteli moja West Bay. Nilimweleza habari za sukuma zangu kule Mesaimeer penye makanisa, baada ya misa ya Ijumaa, siku ya mapumziko ya hapa, akacheka mpaka akashika ukuta. "Dada yangu, hapa hata maji yana hasira," akaniambia. Ndiye aliyenifundisha kukinga maji yanayodondoka kwenye mpira wa kiyoyozi, kungoja joto livunjike mwezi wa kumi, kununua ule udongo wanaouita mtamu na kutoboa kila chombo kabla ya kukijaza. Ndivyo lilivyoanza kundi letu la akina mama, na ndiyo maana kila Ijumaa unaniona nabeba makopo ya maziwa ya laban yenye miche ya mboga zetu za managu na terere kama mtu anayehama.

Nakuambia haya kwa sababu mimi niliuliza. Nilichekwa, lakini niliuliza. Wewe hukuuliza mtu. Najua, ungeniuliza nini? "Mama, bangi inataka maji kiasi gani?" Nimecheka nilipoandika hivyo, kisha nimejikasirikia kwa kucheka, na jina lenyewe sasa nimeliandika mara ya pili baada ya kusema sitaliandika.

Sasa nije kwenye kosa langu, maana najua unaningoja hapo.

Jumatano ile ulipokwenda kulala kwa rafiki zako, nilifungua kabati lako kuweka nguo zilizokauka. Nikaukuta. Unaweza usiamini lakini sikuujua. Nimeona watu waliovuta, nimewahudumia, lakini mmea wenyewe ukiwa hai sijawahi kuuona, na huo wako ulikuwa umesinyaa, umepauka, majani yamejikunja kama vidole vya mtu mwenye baridi. Nilidhani ni ua. Nikakupigia simu, ukaniambia ni project ya biology. Project ya biology, Mwadime, na shule ulikuwa umeshamaliza tangu mwezi wa sita. Na mimi, muuguzi mwenye diploma, nikasema, "Ooh, sawa."

Unajua kwa nini nilisema sawa? Kwa sababu nilifurahi. Miaka yote nimekuona na simu mkononi na masikio yamezibwa, hujui mchicha na magugu, nikajiambia huyu mtoto Wundanyi imemtoka. Kumbe kabatini analea mmea. Mambo ya kuuficha sikuyawaza hata kidogo. Niliwaza kwamba umeurithi mkono wa bibi yako, na furaha ile ikaniziba macho na pua.

Basi nikauhudumia. Nikamwaga maji yote, nikapasha kisu moto kwenye jiko nikatoboa ndoo, nikausuuza udongo kwa maji ya kiyoyozi mpaka ile mbolea ikatoka, nikachomeka kijiti nikaufunga kwa uzi. Kisha nikautoa nje, nikauweka roshani katikati ya sukuma na managu, mbele ya jengo la pili ambalo lina madirisha mengi kuliko hospitali yetu. Nikasimama pale nikiuangalia, nimeshika kiuno, nimeridhika na nafsi yangu.

Uliporudi Alhamisi ukasimama mbele yake ukiutazama. Nilidhani umeguswa. Nikakuketisha pale nje na chai, nikaanza kukueleza habari za mizizi, na wewe ambaye unakula umesimama, ukakaa. Ukaniuliza kwa nini ncha inaungua na si katikati ya jani. Ukaniuliza bibi yako alijuaje mvua ikichelewa. Nikakusimulia jinsi alivyokuwa akinipeleka shambani kabla ya shule niondoe viwavi kwenye kabichi kwa mkono, na jinsi nilivyovichukia, ukacheka. Tulikaa mpaka ikaadhiniwa isha na chai ikapoa. Sikumbuki mara ya mwisho tulipokaa hivyo.

Na asubuhi yake, Ijumaa, nikafanya kile ambacho hakuna mkulima wa bangi duniani aliyewahi kukifanya. Niliupiga picha nikaituma kwenye grupu la akina mama wa kanisani, na maneno juu yake: "Mwanangu naye ameanza bustani. Ulikuwa unaumwa, sasa unanyanyuka. Nishaurini."

Nao wakanishauri. Nimejaribu kusahau majibu yale lakini yamenikaa kichwani. "Hongera Mama Mwadime, ameshika mkono wako." "Hapo maji yalizidi, dada, acha udongo ukauke mpaka kidole kisihisi unyevu." "Mbolea mlimimina sana, hizo ncha zimeungua." "Kata kile kichwa cha juu, utaona unavyotoa matawi." Mwingine akasema mume wake anafanya kazi kwenye shamba la mbuzi na ataniletea gunia la samadi. Na mmoja, Mungu ambariki, akaandika: "Mzuri. Ijumaa ijayo niwekee mche."

Hapo ndipo Mama Nekesa alipopiga. Hakusalimia.

"Uko wapi?"

"Niko jikoni, nachemsha chai."

"Futa hiyo picha."

"Picha gani tena, Mama Nekesa?"

"Mama Mwadime, usiniulize maswali. Futa kwa wote, halafu nikuambie. Ushafuta?"

Nikafuta.

"Sasa sikia," akasema, na sauti ilikuwa ile ya kazini. "Hiyo kitu nimelinda watu waliofungwa juu yake miaka mingi. Naijua ikiwa mbichi, naijua ikiwa kavu, naijua hata ikiwa ndani ya soksi. Na hapa si home. Hapa hakuna polisi wa kuitwa kando umpee kitu kidogo. Hapa wanakuja, mnaenda wote wawili, na wewe ndiye sponsa. Toa hiyo kitu kwa hiyo nyumba saa hii. Kanisani usikuje leo."

Nikageuka nikatazama nje kupitia kioo. Mmea ulikuwa umepona. Majani yamefunguka yote, vidole vimetanuka, shina limesimama wima penye kijiti changu, sasa hata mtoto mdogo angeujua. Ukiwa mikononi mwako ulikuwa unakufa. Aliyeuponya ni mimi. Mkulima wa nyumba hii, mbele ya sheria ya hapa, ni mimi.

Nilichoufanyia sitakiandika. Wewe ulikuwa umesimama mlangoni ukiangalia na nilikupigia kelele maneno ambayo mengine nayajutia na mengine siyajutii. Kwamba hujui jela ni nini, siyajutii. Kwamba baba yako angekuwa hai angeona haya, hayo nayajutia, kwa sababu baba yako angekuwa hai angecheka kwanza, akakasirika baadaye, na hilo tunalijua sote. Ukaniambia, "Lakini ni wewe uliyeuweka kwenye grupu."

Nataka uelewe nimekuwa nikiishije tangu siku hiyo, si ili unionee huruma bali ili ujue tiketi ya kesho imetoka wapi. Kengele ya mlango ikilia, hata kama ni yule kijana wa maji ya chupa, naanza kuhesabu nani atakuangalia mimi nikiwa ndani. Wodini nikiona mtu wa sare anauliza kitu mapokezi, mikono inanitoka jasho ndani ya glavu. Akina mama walioiona picha kabla haijafutwa siwajui wote vizuri. Ijumaa iliyofuata walinisalimia kama kawaida, na yule aliyetaka mche akaniuliza mche wake uko wapi. Nikamwambia ulikufa. Akanipa pole. Sijui kama ni pole ya kweli, sijui nani ana hiyo picha kwenye simu yake bila hata kujua ni nini, na siwezi kuzunguka nikiuliza. Ulikuwa uende chuo kule Kenya Januari. Nikaona Januari ni mbali sana.

Hivyo sikutupi, Mwadime. Uliniambia hivyo, nikakasirika, nikakujibu kwamba ukiona hivyo basi ni hivyo. Lilikuwa jibu la kijinga. Nakutoa mahali ambapo mtoto wa miaka kumi na tisa akifanya upumbavu mmoja hapewi nafasi ya kupanda tena. Wundanyi ukiharibu, utaharibu. Bibi yako atakutukana mbele ya majirani, mvua itanyesha, utapanda upya. Mimi niliharibu pale mara nyingi na bado naitwa mtoto wa pale. Hapa tumekaa miaka tisa na tukikosea mara moja sisi ni watu wa kupandishwa ndege, tena hiyo ikiwa tuna bahati.

Bibi yako hajui. Nimemwambia joto la Doha limekushika kifua. Kwa hiyo ukifika kohoa kidogo siku za mwanzo, na najua ni aibu muuguzi kukufundisha hivyo. Huo uongo ni wangu, nitaubeba mwenyewe.

Kuna jambo moja nimeliwaza sana wiki hizi nikiosha vyombo na hukuwepo kunisikia nikilisema. Ulipofika hapa ukiwa na miaka kumi, ulikuwa unapenda kuja roshani. Siku moja ulining'olea miche ya nyanya ukidhani unapalilia, na nilikufukuza. Si siku moja tu. "Usiguse sukuma zangu. Toka hapo, utavunja." Nilikuwa natoka zamu nimechoka, na mimea ile ndiyo kitu pekee hapa nilichoweza kukiita changu, nikakilinda hata dhidi yako. Ukarudi chumbani kwenye kiyoyozi chako, na miaka ikapita, nami nikawa nalalamika kwa watu kwamba huyu mtoto hana habari na shamba. Sikupi hiki kama kisingizio, usije ukakitumia. Kati ya mimea yote ya duniani ungeweza kuficha nyanya. Lakini uliponiambia ulitaka tu kuona kama utaota, nilikuamini. Hakukuwa na jani hata moja lililochumwa, mimi nimekagua, na mvutaji hangengoja. Ulitaka kitu chako kiote. Ungeniomba kopo moja la laban na mbegu za kunde, na labda bado ningekwambia usiguse. Hilo ndilo linalonikera kuliko yote, kwa sababu nikitafuta wa kumkasirikia pale najikuta peke yangu.

Ukifika kwa bibi mwombe kipande chako. Usiombe kumsaidia, omba chako, hata kama ni kule kwenye mawe. Atakataa kwanza. Usimfuate na maswali akiwa na jembe mkononi, mngoje akae. Na ukimwagilia, weka kidole udongoni kabla ya kuweka maji. Hilo nalisema kama mama mkulima na hutalisikia tena kutoka kwangu.

Nimebakiza moja. Siku ile, baada ya kelele zote, nilikuuliza kwa nini Alhamisi uliporudi ukaukuta roshani, mbele ya dunia nzima, hukuniambia. Ungeweza kusema neno moja tu. Ungeniokoa mimi, picha, hofu, kila kitu. Ulikuwa unafunga mlango na nilidhani hutajibu. Ukasema, "Ulikuwa unafurahi, Mama." Ukafunga.

Nimekasirikia mengi mwezi huu lakini hilo nimeshindwa kulikasirikia. Nimejaribu. Uliniacha nikae pale na chai yangu nikikufundisha kulea kitu cha kutufunga sote, ukajua, ukaniuliza maswali ya mizizi, kwa sababu hukutaka furaha ile iishe. Ni upumbavu, Mwadime. Ni upumbavu mkubwa na ungetugharimu maisha. Na mimi pia, ningejua mapema, sijui kama nisingetaka jioni ile iendelee kidogo.

Sasa sikiliza, maana hili si la kujadili. Barua hii ina jina la ule mmea na ina habari zetu zote. Haiwezi kupita uwanja wa ndege ndani ya sanduku lako na haiwezi kulala kwenye nyumba hii. Ukimaliza kuisoma tutaichana vipande vidogo na kuilowesha kwenye sinki mpaka wino utoke. Mimi nimeisukuma chini ya mlango wako kwa sababu nimekuwa mwoga. Wewe usiirudishe hivyo. Fungua mlango, uilete jikoni, unipe mkononi.

Mama